Mama Lumbesa na Kadi ya GB Nne

Ukifika Makambako ukamuulizia Jenifa Mlowe, watu watakutazama wewe usoni, halafu watatazamana. Muulizie Mama Lumbesa. Hapo hata bodaboda aliyeanza kazi juzi atakwambia panda, nakupeleka.

Jina hilo hakusingiziwa. Miaka ishirini na ushee anazunguka vijiji vya juu kule Njombe kununua viazi mviringo na kuvipakia kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam, na miaka yote hiyo hajalikubali gunia lililoishia mdomoni. Gunia la Jenifa linaanzia pale wenzake wanaposhona. Litajazwa, litatikiswa, litaungwa wavu juu, viazi vitapangwa mpaka gunia livae kilemba, na kibarua akichomoa shazia ashone, yeye atapaza sauti: "Bado! Tikisa, ongeza!" Mkulima anasimama pembeni anaangalia viazi vyake vikipanda juu bila malipo. Lumbesa, ndiyo hiyo ya gunia lenye kilemba, imekwisha kupigwa marufuku sijui mara ngapi. Kila tangazo likisomwa redioni Jenifa hutikisa kichwa na kusema, "Wamesema vizuri kweli, watu wanaonewa," kisha anaongeza viazi.

Na wala si viazi tu. Duka la dawa wakimhesabia vidonge kumi, anauliza viwili vya juu viko wapi. Mchungaji alipokuja kubariki nyumba yake, alimwomba aombee na nyumba ya kuku, maana amekwisha kufika. Hata mumewe Justine, seremala mpole asiyependa makuu, zamani zile alipomwandikia barua ya uchumba ya ukurasa mmoja, barua ilirudishwa. Aliambiwa aongeze ukurasa. Justine akaongeza, na mpaka leo anasema maneno yake yote yaliishia mle.

Mahali pamoja tu hakuna anayemwita Mama Lumbesa, nako ni kwenye kwaya ya usharika wao. Huko ni Mwenyekiti. "Mwenyekiti ameingia." "Tumsikilize Mwenyekiti." Yeye aliishia darasa la saba, Kiingereza chake kinakomea kwenye salamu, na ofisi hajawahi kuwa nayo zaidi ya kivuli cha Fuso, lakini kila Jumatano na Jumamosi saa kumi jioni watu thelathini na wawili husimama akiingia. Mwaka wa kumi na moja huu. Alikuwa akikipenda kiti kile, jamani, asikudanganye mtu. Alikipenda kuliko viazi.

Sasa, mwezi wa pili kwaya ilipanda nyanda za Kitulo, maua yakiwa yamechanua, ikarekodi nyimbo nane kwa ajili ya jubilei ya usharika. Upepo ulikuwa mkali. Kofia ya mwalimu wa kwaya ilipeperuka na mpaka leo haijulikani ilitua wilaya gani. Lakini picha zilitoka safi, na Jasmine, katibu wa kwaya, msichana aliyesoma kompyuta chuoni Njombe, akakabidhiwa kazi ya kuzikata na kuziunga kwenye kompyuta ya kwaya iliyokuwa imewekwa chumba cha pembeni cha kanisa.

Kompyuta ikagoma. Kila Jasmine akiunganisha vipande viwili, picha inaganda. Na ingekuwa inaganda penye maua, au penye mlima, lisingekuwa neno. Ilikuwa inaganda pale Mwenyekiti anaposhika sauti ya juu, kinywa wazi, macho yamefumbwa, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Dakika tano nzima Jenifa yuko vile kwenye kioo, kama mtu anayengojea kung'olewa jino.

Wiki mbili kabla ya jubilei walikaa kikao. Akasimama Eveline, kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke aliyekuwa akikitaka kiti cha Jenifa kwa miaka kama kumi kati ya ile kumi na moja. Alisema kwa sauti laini ya huruma.

"Mimi naona tuwaambie tu wazee wa kanisa kuwa video hakuna. Siyo dhambi kushindwa."

Damu ikampanda Jenifa. "Video itaonyeshwa siku ya jubilei!" alisema. "Isipoonyeshwa, Eveline, kiti chukua wewe, na mimi nitasimama nyuma yako nikikushikia kitabu."

Hata yeye mwenyewe alishtuka kwa aliyoyasema. Eveline hakushtuka.

"Katibu," alisema, "andika hilo."

Kesho yake asubuhi Jenifa aliibeba kompyuta, akaifunga kwa khanga kama mtoto mgonjwa, akaenda kwa fundi Aron, kibanda cha tatu ukitoka njia panda. Aron ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mtaratibu, mwenye bisibisi sikioni pale ambapo wengine huweka kalamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mgonjwa. Akifa na mimi nimekufa."

Aron akaifungua, akaipuliza vumbi, akaichungulia. "Ramu ya kompyuta inatosha, Mama. GB nane, tena DDR4, siyo mbaya. Tatizo haina kadi ya picha. Kwa hiyo kazi ya kuchora picha inaazima ramu hiyohiyo inayotumiwa na kila kitu kingine. Ni sawa na jiko moja, wapishi wawili."

"Basi tuitafutie jiko lake."

"Ninazo kadi mbili hapa, zimetumika lakini nzima. Bei moja." Akaziweka mezani. "Hii ina GB nne. Hii ina mbili. Kwa kazi yenu, chukua hii ya mbili."

Jenifa alimtazama, akatazama kadi, akamtazama tena. "Bei moja?"

"Bei moja."

"Nne na mbili?"

"Mama, si wingi tu. Hii ya nne ramu yake ni DDR3, ya zamani, inatoa picha polepole. Hii ya mbili ni GDDR5, ramu iliyotengenezwa kwa kazi ya picha. Kwa sekunde moja inapitisha karibu mara tatu ya mwenzake. Na video yenu ya kawaida hii, GB mbili haiwezi kuzijaza."

"Hakuna kubwa kuliko hizi?"

"Zipo. Kuna za GDDR6 kwenye kadi mpya za wacheza gemu, lakini kompyuta yenu umeme wake mdogo, haiwezi kuilisha kadi ya namna hiyo. Na kuna ramu inaitwa HBM, hiyo hata mimi nimeiona kwenye picha tu. Ile wanazipanga moja juu ya nyingine, juu kwa juu, ubavuni mwa chipu."

Jenifa akainuka kitini. "Moja juu ya nyingine?"

"Ndiyo, Mama."

"Zinapanda juu?"

"Zinapanda."

"Mungu wangu, kumbe nao wanaijua lumbesa! Nipe hiyo!"

"Haipo Makambako, Mama. Hata Dar sijui utaipatia wapi."

Akakaa, amenyong'onyea. Kisha akaigusa ile kadi ya GB mbili kwa kidole. "Basi kwenye hii niongezee hata moja juu."

"Zimechomelewa, Mama. Haziongezwi."

Hapo ndipo alipopata hakika kuwa anaibiwa. Miaka ishirini sokoni imemfundisha kitu kimoja: mtu akikusisitizia gunia dogo kwa bei ya kubwa, ujue lile dogo lina mawe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini nne ni nne. Akaichukua ya GB nne. Aron akaifunga kadi skrubu.

"Ikikusumbua uirudishe," alisema tu.

Jioni Jenifa alimsimulia mumewe jinsi alivyomshinda fundi akili. Justine alikuwa akila ugali. Alimeza tonge, akanawa, akafikiri.

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi," akasema, akaenda kulala. Kwa Justine hiyo ilikuwa hotuba.

Jasmine aliiwasha kompyuta siku ya pili. Wimbo wa kwanza ulikwenda kidogo, ukaanza kukokota miguu, Mwenyekiti akashika sauti ya juu, na tii, picha ikaganda. Kinywa wazi, macho yamefumbwa, kitambaa upande. Walijaribu siku tatu. Eveline alikuwa anapita pale kila jioni, ati anatafuta mwavuli wake, anachungulia kioo, anaguna "mm," anaondoka. Jumamosi alikuja na mwavuli mkononi, bado anautafuta.

Ikabaki wiki moja. Usiku Jenifa hakupata usingizi. Alijiona amesimama nyuma ya Eveline ameshika kitabu, watu thelathini na wawili wakisimama kwa ajili ya mtu mwingine, na yeye akitoka nje pale amebaki na jina moja tu, lile la magunia. Aliogopa kweli. Mwanamke aliyewahi kubishana na dereva wa semitrela mpaka semitrela ikarudi nyuma, alilia kimyakimya asimwamshe Justine.

Lakini viazi havingoji msiba wa mtu. Jumatatu alikuwa Njombe, ghalani, magunia yanatakiwa kupakiwa kabla ya mvua. Ghala lake la kawaida lilikuwa limekodishwa na watu wa parachichi, akawa amepewa jingine la jirani, kubwa mara mbili yake. Alilifurahia sana alipoliona. Sasa wingu jeusi limeshuka, Fuso imewashwa, vibarua kumi wako ndani, na ghala lile kubwa lilikuwa na mlango mmoja, mwembamba, wa kupita mtu mmoja na gunia lake. Mmoja anatoka, tisa wanangoja wamejitwisha. Magunia yenyewe yana vilemba, yanakwama kwenye fremu. Huyu anasukuma, yule anavuta, wa nyuma anatukana.

"Nyie mnafanya nini humo?" Jenifa alifoka.

"Mlango, Mama!" sauti ikajibu kutoka gizani. "Ghala kubwa la nini bila mlango?"

Tone la kwanza la mvua likamdondokea puani. Jenifa akasimama palepale kama aliyepigwa kofi. Ghala kubwa la nini bila mlango. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, si huwa anawafundisha wanunuzi wapya hivyohivyo? Usikodi ghala kwa kuangalia ukubwa, angalia mlango, la sivyo viazi vitakufia ndani. Lile ghala lake dogo lina milango mitatu mipana. Fuso inajaa humo kabla chai haijapoa. GB mbili zenye milango mitatu. GB nne zenye kitundu cha panya. Na yule fundi wa watu alikuwa akimweleza jambo hilohilo, taratibu, kwa adabu, na yeye akamwona mwizi!

"Loo, Jenifa!" alijiambia kwa sauti. "Mjinga wewe!"

Vibarua wakadhani wametukanwa wao, wakaongeza kasi.

Hakungoja hata Fuso imalize kufunikwa turubai. Aliingia Makambako ameloa chapachapa, akaenda moja kwa moja kwa Aron. "Mwanangu," alisema kutoka mlangoni, "mlango. Ungeniambia mlango ningekuelewa!"

Aron hakuelewa. Ilibidi aelezwe habari ya ghala mwanzo mpaka mwisho, na mwisho wake alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka sikioni. "Ndiyo hivyo hasa, Mama. Kuanzia leo wateja wote nitawaambia hivyo."

"Ile ya mbili ipo?"

"Ipo. Nilikuwekea."

Hakudai nyongeza. Jenifa alingoja aambiwe lolote, kwamba bei imepanda, kwamba kurudisha kuna gharama, maana yeye angesema hivyo. Hakuambiwa. Aron alibadilisha kadi, akasafisha feni, akapaka dawa ya kupoza chipu, akafunga.

"Hiyo dawa na feni?"

"Ni nyongeza yako, Mama. Mama yangu aliniambia ukija nikuongezee chochote, maana usipoongezewa unaumwa."

Jenifa akacheka. "Mama yako ananijua?"

"Anakujua sana. Dorika, kule juu Njombe, nyumba ya mwisho kabla ya msitu wa mbao. Umenunua viazi vyake misimu mingi."

Dorika. Mwanamke mwembamba, sweta la kijani, hajawahi kubisha hata siku moja. Kwa ajili ya upole ule, magunia ya Dorika ndiyo yaliyokuwa yakivishwa vilemba virefu kuliko yote. Mwaka mmoja vibarua waliita gunia lake moja "Askofu". Dorika angeingia na viazi vya magunia arobaini, vikatoka magunia thelathini.

"Na wewe ulisomea wapi haya mambo?" aliuliza.

"Chuo nilipata nafasi, Mama. Viazi mwaka ule havikutosha kulipa ada, nikajifunzia hapahapa njia panda kwa kuvunja redio za watu." Alisema hivyo bila kinyongo, huku akiizungushia kompyuta ile khanga. Afadhali angemtukana. Jenifa alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Makambako ni ngumu.

Basi Jasmine akawasha kompyuta. Wimbo wa kwanza ukapita. Mwenyekiti akashika sauti ya juu, akafumba macho, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, akakifunga. Jasmine alipiga kigelegele peke yake mle chumbani. Kazi ikamalizika Ijumaa.

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa hadi madirishani. Shuka jeupe likatundikwa, projekta ikawashwa, na nyimbo zote nane zikatiririka bila kukwama, maua ya Kitulo yakiyumba, kofia ya mwalimu ikiruka na watu wakiishangilia. Eveline alikuwa kiti cha mbele. Wimbo wa nane ulipokwisha alimgeukia Jenifa, akampa mkono.

"Hongera, Mwenyekiti," alisema, na kwa haki yake, alisema kwa moyo.

Jenifa alikuwa amekwisha kuanza kusimama ili apokee makofi, ndipo majina yakaanza kupanda kwenye shuka. Mwalimu wa kwaya, fulani. Katibu, Jasmine fulani. Na juu ya yote, kwa herufi kubwa za manjano, kila moja urefu wa mkono: MWENYEKITI: MAMA LUMBESA.

Kanisa lililipuka. Mchungaji aligeukia madhabahuni, mabega yakimtikisika. Watoto waliimba, "Lumbesa! Lumbesa!" Jenifa alibaki amechuchumaa katikati ya kukaa na kusimama, anatabasamu kwa meno yote, na ndani anaungua.

Alimkamata Jasmine nje, nyuma ya kengele. "Kwa nini, mwanangu? Kwenye shuka, mbele ya watu wote?"

Jasmine alikuwa karibu kulia. "Mama, nisamehe. Nilitafuta jina lako kwenye daftari la kwaya, limeandikwa 'Mwenyekiti' tu. Nikauliza watu. Wote waliniambia hilo."

Kiti alikuwa nacho. Hakuna aliyekigusa. Na jina lilimfuata mpaka kitini, likakaa.

Jumanne iliyofuata Fuso ilipanda kule juu ya Njombe, ikasimama nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Jenifa alishuka na kitu ambacho vibarua wake hawakuwahi kukiona mikononi mwake: mizani. Dorika akatoka na sweta lake la kijani.

"Kamwene, Mama Lumbesa," alimsalimu.

"Kamwene, Mama Aron."

Dorika aliitazama mizani. Pengine alidhani imeharibika na inapelekwa kwa fundi. Wakajaza gunia la kwanza. Likafika mdomoni, mizani ikasema imetosha. Kwa mazoea ya miaka, kibarua akachukua wavu wa kuunga kilemba, na kwa mazoea yaleyale Dorika mwenyewe, bila kuambiwa, akainama akachota viazi kwenye ndoo aongeze. Ndicho kilichomkata Jenifa maini. Hata kulalamika alikuwa amesahaulishwa.

"Acha, Mama Aron," alisema. "Rudisha ndoo chini."

Mikono ilimwasha. Sikutanii: vidole vilikuwa vikifunguka na kujifumba vyenyewe. Gunia lilikuwa pale mbele yake, kipara, bapa, na juu yake nafasi tupu ya viazi ishirini au thelathini hivi.

Kibarua alimwangalia, shazia mkononi, akingoja ile "Bado!" yake. Haikuja. "Mama Lumbesa," aliuliza kwa woga, "nishone hivihivi?"

"Jina langu Jenifa," akasema, akifumba macho asilione lile gunia. "Shona! Shona upesi, kabla sijabadilisha mawazo!"